Wakuu, nani anajua Kielvishi cha kweli? Mteja anataka jina la mwanae na methali kwenye bajaji

mkata_stika_mwanjelwa

Habarini wakuu, naomba msaada kabla sijakata kitu cha ajabu nikaharibu stika ya mtu.

Mi nakata stika za bajaji na boda hapa Mwanjelwa, kazi zenyewe mnazijua, majina ya watoto, timu, mistari ya Biblia, Mungu Kwanza, Mtaongea Sana, hizo ndo ugali wetu. Sasa kaja jamaa anapiga ruti ya Kabwe kwenda Uyole, anataka utepe wa juu kwenye kioo cha mbele uandikwe Kielvishi, ile lugha ya wale wenye masikio yaliyochongoka kwenye muvi za Lord of the Rings. Anasema kaziona zote kibandani, tena zile zilizotafsiriwa, ambazo wale jamaa wakianza tu kuongea lugha yao diji anaingiza stori zake husikii kitu. Ila yale maandishi ya kwenye pete yamemkaa kichwani. Anataka juu iandikwe "Mungu hamtupi mja wake" na kwenye bodi ya nyuma jina la binti yake, Lusubilo.

Nikamwambia haina shida, mteja harudishwi. Kuingia mtandaoni sasa, kuna tovuti unaandika jina inakupa la Kielvishi, nikaandika Lusubilo ikanipa jina refu hilo, nikaandika kwa herufi kubwa ikanipa jina jingine kabisa!! Alafu kuna fonti nimeshusha, ukiandika inatoa michoro mizuri kwelikweli lakini nani anajua imeandika nini.

Sa naomba kujua, hii ni lugha ya kweli yenye maneno yake au ni michoro tu? Jina linatafsiriwa au linaandikwa lilivyo? Na hio methali inawezekana? Jamaa kashalipa nusu, Jumamosi anakuja kuchukua.

bwana_parachichi

Mbeya mna mambo 😂😂 huku Njombe bajaji inaandikwa namba ya simu ya mwenye nayo basi. Nimekaa hapa nasubiri wajuzi.

kamwene_kihesa

Kamwene mkuu, nipo Iringa hapa, hii kitu naifuatilia tangu sekondari kwahiyo vumilia jibu litakuwa refu.

Kwanza tenganisha lugha na maandishi, watu wengi wanavichanganya. Yale maandishi yaliyomkuna mteja wako yanaitwa tengwar, zile ni herufi tu, unaweza kuandikia lugha yoyote hata Kihehe ukitaka. Lugha zenyewe ni kitu kingine, na kubwa ni mbili, Quenya na Sindarin. Katunga Tolkien, profesa wa Oxford, Mwingereza ila kazaliwa Bloemfontein hapo Afrika Kusini mwaka 1892. Quenya alianza kuitunga kama 1915 hivi, vitabu vya Lord of the Rings vimekuja kutoka 1954 na 1955, yani lugha imetangulia ile hadithi kwa karibu miaka arobaini, na mwenyewe alikuwa anasema hadithi imekuja ili lugha zipate dunia ya kukaa. Quenya ladha yake aliitoa kwenye Kifini, Sindarin kaitoa kwenye Kiwelsh. Kwahiyo ndio, ni lugha, ina sarufi, ina maneno maelfu. Shida ni kwamba hakuwahi kuimaliza, alikuwa anafuta na kubadilisha mpaka anafariki 1973, so hakuna kamusi moja ya mwisho ambayo utasema hii ndo sahihi. Maneno mengi yanayozunguka mtandaoni yametungwa na mashabiki kuziba mapengo. Nenda tovuti inaitwa Eldamo, ile inakuonyesha neno lipi ni la Tolkien mwenyewe na lipi limetungwa na watu baadae. Hizo za kubadilisha majina achana nazo kabisa, zile zinachota jina lolote kwenye orodha yao zinakupa, halina undugu wowote na jina lako ndo maana ulipobadili herufi ikakupa jingine.

Fonti nayo ina mtego wake. Fonti nyingi za tengwar hazijapangwa kwamba ukibonyeza L inatoka L. Kuna mpangilio wa zamani ambao T ipo kwenye namba 1, P ipo kwenye kitufe cha q, K ipo kwenye a, yani wamefuata jinsi herufi zilivyopangwa kwenye jedwali la Tolkien sio jinsi kibodi yetu ilivyo. So ukiandika Lusubilo kawaida inatoka michoro mizuri ambayo anayejua kusoma akiiona hakuti neno. Tumia tovuti ya Tecendil, unaandika kwa herufi zetu inakupangia tengwar yenyewe, alafu kwenye mipangilio unachagua mtindo.

Na hapa kwenye mtindo ndo patamu. Irabu kwenye tengwar hazikai kwenye mstari, zinakaa juu ya konsonanti, waliopita madrasa watanielewa haraka. Nukta tatu ni a, nukta moja ni i, kimkwaju kimoja ni e, kikulabu ni o, na kikulabu hichohicho kikigeukia upande wa pili ni u. Sasa mtindo wa Sindarin irabu inakaa juu ya konsonanti inayofuata, mtindo wa Quenya inakaa juu ya konsonanti iliyotangulia. Angalia maneno yetu, lu-su-bi-lo, kila silabi inaishia na irabu! Yani kwa mtindo wa Quenya kila silabi inakuwa herufi moja na alama yake juu, herufi nne jina limeisha. Waingereza wanahangaika sana kuandika majina yao humo, sisi tunateleza tu.

Kinachosumbua ni B. Kwenye Quenya b haikai peke yake katikati ya irabu, inakuja na m yake, na herufi yake inaitwa umbar. Ukifuata sheria kali mtu atasoma Lusumbilo. Ila kuna mtindo mwingine unaokubalika, umbar inakuwa b, na ukitaka mb unaweka kistari cha kulala juu yake kuonyesha kuna m mbele. Chagua huo, maana kwetu mb na nd na ng zipo kila kona, Mbeya, Makambako, Iringa, zote zinaandikika bila kulazimisha.

Hiyo ni kuandika jina lilivyo. Ukitaka kulitafsiri sasa, Lusubilo si ndio tumaini? Basi bahati yake, neno lipo na ni la Tolkien mwenyewe, Estel. Ndo jina alilopewa Aragorn, yule shujaa wa hadithi, alivyokuwa anafichwa utotoni kwa Elrond, mkubwa mmoja wa wale wenye masikio. Na kuna maandishi yake mengine yaliyotoka 1993 anatofautisha tumaini la aina mbili, kuna amdir, hilo ni kutarajia kitu kwa sababu unaona dalili, na kuna estel, hilo linabaki hata dalili zote zikikataa, linatokana na kumwamini Eru ambaye ndo Mungu wa kule. Mzazi aliyempa mtoto Lusubilo nadhani alikuwa anamaanisha hilo la pili.

Methali sasa. Hapo nakushauri usilazimishe. "Kutupa" utalipata, kuna kitenzi hehta, kuacha au kutelekeza. Lakini "mja" utaweka nini? Ukiweka mtumishi umelipunguza. Tolkien ana Eruhíni, watoto wa Eru, linakaribia lakini sio. Mwisho wa siku unaandika sentensi yako wewe na mimi, sio yake. Mi ningempa neno moja ambalo lipo tayari, Eruhantalë, shukrani kwa Mungu. Kwenye hadithi zake mfalme wa kisiwa cha Númenor alikuwa anapanda mlima mara tatu kwa mwaka kuomba mbele ya watu, na hiyo ya mwisho wa mwaka wa shamba ilikuwa ya kushukuru, inaitwa hivo. Asante Mungu kwa neno moja.

mzee_wa_sokomatola

Nyie vijana mnacheza. Unabandika kwenye chombo cha moto maandishi usiyoyajua yametoka wapi, yana masikio sijui yana pete, alafu ikipata ajali mnasema breki. Hizo ndo alama za freemason zinaingia kidogokidogo, leo bajaji kesho mlango wa nyumba. Mwambie huyo kijana aandike ZABURI 23 kwa Kiswahili apakie abiria.

kamwene_kihesa

Shikamoo mzee wangu. Nikubaliane na wewe kwanza sehemu moja, yale maandishi ya kwenye pete asiyaguse. Herufi zake ni hizohizo tengwar ila lugha yake sio Quenya wala Sindarin, ni lugha ya yule muovu wa kwenye hadithi. Tolkien mwenyewe kuna shabiki alimtumia kikombe cha chuma kimechongwa maneno ya ile pete, hakunywea hata siku moja, akakifanya cha kukung'utia majivu ya tumbaku. So mkata stika, jamaa akikwambia nipigie kama ya kwenye muvi vilevile, kataa.

Ila la freemason hapana mzee. Tolkien alikuwa Mkatoliki wa kusali haswa, na Quenya hiyohiyo aliitumia kutafsiri Baba Yetu na Salamu Maria. Zilichapishwa 2002, yeye keshafariki zamani. Baba Yetu inaanza na neno moja tu, Átaremma, "baba" na "yetu" vimeshikana. Na ile ya mkate inasema hivi:

*Ámen anta síra ilaurëa massamma*

Utupe leo mkate wetu wa kila siku. Anta ni kutoa, síra leo, ilaurëa ya kila siku, massa mkate na hiyo mwisho ndo "wetu".

mzee_wa_sokomatola

Marahaba. Hiyo ya Baba Yetu sikuijua. Lakini bado msimamo wangu Zaburi.

dogo_iyunga

Achaneni na mambo ya msituni, mpe Kiklingoni cha Star Trek, lugha ya kibabe. Kile kimetungwa na mtaalamu wa lugha kabisa, Marc Okrand, kamusi yake imetoka 1985, hata Bing walikiweka kwenye mtafsiri wao 2013, kwahiyo hutohangaika kama huko kwa Tolkien. Hamna "habari" wala "hujambo", salamu yao ni nuqneH, maana yake unataka nini 😂 hebu fikiria bajaji inakuja kwa mbele imeandikwa UNATAKA NINI.

Afu kinafanana na sisi kwenye kitenzi. Sisi tunasema na-ku-penda kwa mkupuo, wao wana kiambishi kimoja kinabeba "mimi" na "wewe" kwa pamoja, qa. qamuSHa', nakupenda. Ila ukiichambua ndani utacheka, muS ni kuchukia na Ha' ni ya kutengua kama sisi tunavyosema funga fungua, yani nakupenda yao ni nime-ku-chukia-kinyume.

Ukikata stika angalizo moja, usiweke herufi kubwa zote kama mlivyozoea nyie wa stika. q ndogo na Q kubwa kule ni sauti mbili tofauti.

dada_wa_tukuyu

Hahaha dogo wewe, mama mjamzito anaenda kliniki anasimamisha bajaji inamuuliza unataka nini.

Mi naona Na'vi ya Avatar ndo rahisi kwa mdomo wetu. Katunga Paul Frommer kwa ajili ya ile filamu ya 2009. Wazungu wanateseka kutamka maneno yao yanayoanza na ng, "wewe" ni nga lakini inatamkwa ng'a kama ng'ombe, sisi hatuoni ugumu. Kuna ile *Oel ngati kameie*, nakuona, lakini sio kuona kwa macho, ni nakutambua ulivyo ndani. Nzuri hata kwa biashara ya abiria.

Ila swali langu lingine kabisa, huyo baba Lusubilo si Mnyakyusa mwenzetu? Kwanini asiandike tu Ndaga Kyala, asante Mungu, yakaisha.

mkata_stika_mwanjelwa

Dada nilimuuliza hilohilo. Anasema Ndaga Kyala kila mtu anasoma anapita. Anataka abiria akae nyuma ajiulize, mpaka wanafika Uyole wameshapiga stori na kesho anampigia simu huyohuyo. Ni biashara ile, sio mapenzi ya masikio marefu.

Wakuu nimewasomea wote, @kamwene ubarikiwe sana. Nimeenda kijiweni kwake nikamuonyesha yote. Eruhantalë kaisoma kasema ni fupi haijai kioo (analipia kwa sentimita huyu 😅). Kiklingoni kakataa. Ile ya mkate nilivyomwambia tu maana yake kasimama kwenye bajaji, anasema hio hio, utupe leo riziki yetu, mi kila asubuhi ndo naiomba kabla sijapiga stata. Kwahiyo methali tumeacha.

Jina sasa hataki Estel. Anasema mwanangu sijamuita Estel nimemuita Lusubilo, nyie niandikieni Lusubilo kwa hizo herufi. Nikajaribu kumuelezea habari ya tumaini la aina mbili akaniambia hilo la pili ndo maana yake hata kwa Kinyakyusa, sasa nabadilisha ya nini.

Maswali mawili ya mwisho. Hiyo Ámen imeanza na irabu, haina konsonanti mbele, ile alama inakaa juu ya nini? Na naweza kuituma kwake WhatsApp aone kwanza? Nikikopi kutoka kwenye fonti kwake inatokea visanduku.

kamwene_kihesa

Yuko sawa kuhusu jina, hata mi ningebaki na Lusubilo.

Irabu ikianza neno inawekewa kijiti cha kusimama, alama inakaa juu yake. Kijiti kifupi kwa irabu fupi, kirefu kwa irabu ndefu. Á ni ndefu kwahiyo kijiti kirefu na nukta tatu. Na hilo ni la Quenya halisi so hapo fuata mtindo wa Quenya wa kawaida, kale kamtindo ka umbar kuwa b weka kwenye jina tu. Tecendil ukichagua Quenya inakupangia.

WhatsApp tuma picha. Tengwar hazimo kwenye Unicode, yani ule mfumo unaofanya simu zote zielewane herufi, kwahiyo simu isiyo na fonti hiyo haina cha kuonyesha. Hata Kiklingoni walipeleka maombi herufi zao ziingizwe wakakataliwa 2001.

kijana_wa_diaspora_mafinga

Mi ningeweka Valar morghulis ya Game of Thrones ingetisha.

dada_wa_tukuyu

Unajua maana yake lakini? Binadamu wote lazima wafe. Kwenye bajaji! Kila nafsi itaonja mauti, alafu unamwambia abiria karibu mama panda.

kijana_wa_diaspora_mafinga

Basi nimefuta kauli 😂

fundi_stika_makambako

Mkuu wa Mwanjelwa mi mwenzio kwenye hii kazi, nilishawahi kukata Kiarabu na Kichina za watu kwahiyo sikiliza hapa kabla hujawasha mashine.

Moja, hizo nukta tatu. Ukikata ndogo, ukianza kubandua stika inayobaki zinaondoka nayo, au zinabaki mbili kati ya tatu na sio rahisi wewe kujua maana husomi. Sijui hizo herufi zenu lakini kwa maelezo ya jamaa wa Iringa nukta zikipungua irabu inabadilika. Ikuze mpaka nukta iwe angalau kama punje ya mahindi, na utumie karatasi ya kuhamishia yenye gundi kali.

Pili na hii ndo kubwa, utepe wa kioo cha mbele unabandika ndani au nje? Wengi Mbeya wanabandika kwa ndani isichubuke na vumbi, na ya ndani lazima uikate imegeuzwa kama kwenye kioo cha kujitazamia ili wa nje asome vizuri. Maneno ya kawaida ukisahau kugeuza utaona palepale maana unajua kusoma. Hii hutaona. Na jamaa kasema kikulabu kikigeukia upande mwingine o inakuwa u, kwahiyo Lusubilo ukiikosea kugeuza sijui itasomeka nini.

kamwene_kihesa

Jina lingeanzia mwisho kuja mwanzo, u zingesomeka o na o ingesomeka u, tena herufi zenyewe zikiwa zimegeuka. Fundi umeongea kitu ambacho hata mimi sikukiwaza. Mkata stika chapisha kwanza kwenye karatasi A4, nyuma andika kwa kalamu NJE au NDANI, iweke pembeni ya kioo ulinganishe kabla hujabandua.

mkata_stika_mwanjelwa

Kioo cha mbele inakaa ndani, jina nyuma linakaa nje kwenye bodi. Kwahiyo moja nageuza moja sigeuzi. Nimechapisha zote mbili, nakutumia picha inbox kamwene unihakikishie vikulabu, ukisema sawa nakata leo jioni umeme ukiwepo.